Mkuki na Nyota: Historia Fupi ya Mchapishaji Huru wa Dar es Salaam

Kampuni ya Mkuki na Nyota ilianzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 1991 na Walter Bgoya, na kwa zaidi ya miongo 3 imesimama kama mchapishaji huru, yaani taasisi isiyomilikiwa na serikali wala kampuni kubwa ya kigeni, ambayo huamua yenyewe mswada upi unastahili kuwa kitabu na hubeba yenyewe hasara pale kitabu hicho kinapokosa wanunuzi. Uhuru huo, pamoja na gharama zake, ndio unaoifanya historia yake istahili kuadhimishwa.

Mizizi ya kampuni hii imo katika Tanzania Publishing House (TPH), iliyoundwa mwaka 1966 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Bgoya, aliyekuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje, alikabidhiwa uongozi wa TPH mwaka 1972, mwaka uleule ambao shirika hilo lilishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London kutoa kitabu mashuhuri cha Walter Rodney, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika. Chini ya uongozi wake zilitoka pia riwaya za Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) na *Kuli* (1979), kabla ya msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 kuyadhoofisha mashirika ya umma.

Mkuki na Nyota ilizaliwa wakati serikali ilipokuwa ikifungua milango kwa wachapishaji binafsi kutoa vitabu vya kiada, yaani vile vinavyofuata muhtasari wa masomo, ambavyo kwa nchi nyingi za Afrika ndivyo tegemeo kuu la mapato ya mchapishaji, kwa kuwa shule hununua kwa wingi ilhali riwaya huuzwa polepole. Katika miaka ya 2010 kazi hiyo ilirejeshwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wachapishaji wengi wakapoteza tegemeo hilo. Lakini kampuni iliyokwisha kujijengea jina kwa riwaya, ushairi, vitabu vya watoto, historia na siasa ilikuwa na wasomaji nje ya darasa. Ili kuwafikia walio ng'ambo, kampuni hutumia African Books Collective, umoja wa wachapishaji wa Kiafrika ulioasisiwa mwaka 1985, Bgoya akiwa miongoni mwa waasisi wake, ambao husambaza vitabu vya wanachama wake Ulaya na Marekani.

Thamani ya uamuzi wa mchapishaji huru huonekana vyema katika vitabu vyenyewe. Mwaka 1999 kampuni ilitoa *Vuta n'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, riwaya inayomfuata Yasmin, binti wa Kihindi anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa katika Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni, na miaka 22 baadaye filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Mwaka 2020 ulitoka wasifu wa Mwalimu Nyerere katika juzuu 3, ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, na mwaka 2022 ikatoka *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kwa tafsiri hiyo, kisa cha Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake na kupelekwa bara na msafara wa wafanyabiashara, kiliwafikia wasomaji wa pwani ileile kinayoisimulia, tena kwa lugha yao.

Kazi ya namna hii haiwezi kubebwa na mchapishaji peke yake. Maktaba zinazotenga fungu la vitabu vya waandishi wa hapa nyumbani, walimu wanaovipeleka darasani kama vitabu vya ziada, na wasomaji wanaonunua nakala halali badala ya kivuli kilichotolewa kwa mashine ndio watakaoamua iwapo mwandishi wa kesho atampata mchapishaji Dar es Salaam, au atalazimika kumtafuta mbali.