Waraka wa Germantown na Miaka 88 ya Kungoja

Tuanze na neno. Mtume na mtumwa ni maneno yaliyozaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Mmoja hutumwa na Mungu, mwingine hutumwa na bwana wake. Katika koloni la Pennsylvania, watu waliowaheshimu mitume hawakuona tabu kumiliki watumwa, na habari ya leo inahusu jinsi walivyoambiwa ukweli huo mapema na jinsi walivyouweka kando.

Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimpa William Penn ardhi hiyo. Penn alikuwa wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Wakweka, ambao kanisa lao sasa lina waumini wengi magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Wao waliamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, na walikataa vita. Hata hivyo, Penn mwenyewe alikuwa na watumwa.

Karibu na mji wa Philadelphia palikuwa na kijiji cha Germantown, kilichoanzishwa mwaka 1683 na wahamiaji waliosema Kijerumani na Kiholanzi. Mwezi Aprili mwaka 1688 wanaume wanne wa hapo, akiwemo Francis Daniel Pastorius, walitia saini waraka wa kupinga utumwa. Walitumia kanuni ya Injili ya kumtendea mwenzako kama unavyopenda kutendewa, wakasema kanuni hiyo haibagui rangi wala kabila. Wakawakumbusha ndugu zao jinsi Wazungu baharini walivyotetemeka wakiona meli ngeni, wakihofia kutekwa na Waturuki na kuuzwa. Je, anayemnunua Mwafrika ana ubora gani kuliko Mturuki huyo? Tena anayeiba mtu na anayenunua mtu aliyeibwa, wote ni sawa. Kisha likaja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote: iwapo watumwa watainuka kupigania uhuru wao, ninyi msioshika silaha mtawashikia upanga? Je, wao hawana haki ya kupigana?

Hakuna aliyeujibu waraka huo kwa hoja. Mkutano wa mwezi ulisema jambo ni zito mno, ukalipeleka mkutano wa robo mwaka. Nao ukalipeleka mkutano wa mwaka uliofanyika Burlington. Huko likawekwa kando. Angalieni adabu ya jambo hili: hakuna aliyefokewa wala kuadhibiwa, karatasi ilipandishwa ngazi tu hadi ikapotea machoni.

Waliofuata hawakuwa wapole vile. Benjamin Lay, mtu mfupi sana aliyeushuhudia utumwa kisiwani Barbados, aliingia katika mkutano wa Burlington mwaka 1738 akiwa na kitabu kilichofichwa kibofu cha mnyama kilichojaa maji mekundu ya matunda. Alikichoma kwa upanga, na wekundu ule ukawarukia waliokaa karibu, mfano wa damu waliyokuwa wakiidaiwa. Walimtoa nje. John Woolman alikuwa wa namna nyingine. Akiwa kijana, mwajiri wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi. Aliiandika, lakini akawaambia mwajiri na mnunuzi kwamba utumwa haupatani na dini ya Kikristo. Tangu hapo alisafiri kutoka nyumba hadi nyumba, akizungumza na wenye watumwa kwa upole. Alipohudumiwa na watumwa, alitaka walipwe.

Mwaka 1758 mkutano wa mwaka wa Philadelphia uliamua kuwachukulia hatua Marafiki walionunua au kuuza watumwa. Lay aliipata habari hiyo kabla ya kufa mwaka 1759. Kuwamiliki watumwa kulipigwa marufuku mwaka 1776, miaka 88 baada ya waraka wa Germantown. Sheria ya jimbo ilifuata mwaka 1780, nayo ilikuwa ya polepole: mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya sheria hiyo angeweza kutumikishwa hadi afikishe umri wa miaka 28. Walioandikishwa kuwa watumwa kabla yake walibaki hivyo.

Waraka wenyewe ulisahauliwa hadi ulipogunduliwa tena mwaka 1844. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya kusini mwa Marekani, na miaka 21 zaidi ingepita kabla Marekebisho ya 13 ya Katiba hayajaufuta nchi nzima.