Mabakuli ya Mawe ya Njoro na Wenyewe

Katika mwaka 1938 Mary Leakey na mumewe Louis walichimba pango kando ya Mto Njoro, karibu na Nakuru, nchini Kenya. Humo walikuta mabaki ya watu wapatao 80 ambao maiti zao zilichomwa moto, na pamoja nao mabakuli ya mawe, michi na mawe ya kusagia. Palikuwa pia na shanga za akiki, na chombo cha mti kilichonakshiwa. Nacho, ajabu, kilihifadhiwa na moto ule ule uliokiunguza, kwani mti uliogeuka makaa hauozi upesi.

Mabakuli hayo yana umri wa miaka ipatayo 3,000. Wachongaji wake hawakuwa na patasi ya chuma. Jiwe liligongwa kwa jiwe, likakwanguliwa na kusuguliwa, mpaka likapata tumbo na mdomo. Sisi wa Mkuyuni, tulioyazoea majabali ya Mwanza, twaweza kuikisia taabu hiyo. Kisha chombo kilichogharimu jasho jingi hivyo kikaachwa na marehemu, kikawa mali yake.

Pango lilipofunguliwa, nchi ile ilikuwa mikononi mwa walowezi. Vyombo vikapata mwenyeji mpya, yaani jumba la makumbusho la Nairobi, ambalo siku hizo liliitwa kwa jina la Coryndon, gavana wa kikoloni. Mwaka 1964, baada ya uhuru, likawa Makumbusho ya Taifa.

Lakini kuna unyang'anyi mwingine usiohitaji mikono. Wataalamu wengi wa enzi ya ukoloni, kila walipoona ustadi katika Afrika, waliwapa sifa wageni waliodhaniwa kutoka kaskazini, wakiwaita Wahamiti. Nadharia hiyo imekwisha kutupwa, na ilistahili. Leo wachongaji wa mabakuli wanajulikana kuwa wafugaji walioishi Bonde la Ufa, na wataalamu wengi hudhani kwamba baadhi yao walisema lugha za jamii ya Kikushi, kama Kiiraqw kisemwacho Mbulu. Mabakuli ya namna hiyo yamepatikana hata makaburini katika kreta ya Ngorongoro, hapa kwetu Tanzania.

Basi mwanafunzi wa Mbulu asomapo habari za Njoro, huenda anasoma habari za mababu wa lugha yake. Ama vitu vyenyewe, tangu mwaka 1964 Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale, na hakuna ruhusa ya kuvichimba wala kuvipeleka nje pasipo kibali cha serikali.