Chaza wa Pemba na Biashara ya Boriti

Anayetaka kurudisha chaza katika hori za Pemba kwa kawaida huanza kupima maji: chumvi, joto, nguvu ya mkondo. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini swali la kutangulia ni la historia: hapa chaza aliganda juu ya nini, na kitu hicho kimekwenda wapi? Mtoto wa chaza wa miamba huelea majuma machache tu, kisha hutafuta kitu kigumu, akaganda, asihame tena maisha yake yote. Katika hori za magharibi, zenye matope tele, vitu vigumu vya asili ni hasa mizizi ya mikoko na mawe ya matumbawe, na vyote viwili vimejenga nyumba za watu. Misikiti ya kale ya Ras Mkumbuu na Chwaka ilijengwa kwa mawe hayo pamoja na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Mapaa ya mawe ya mwambao yalibebwa na boriti za mikoko; hata wembamba wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yakazipeleka pia Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, karne baada ya karne.

Atasema mtu kwamba mti hukatwa ukaota tena, na kwamba Pemba ingali na mikoko mingi. Kweli, ila miti hiyo haifanani. Mchu hukatwa ukachipua kisikini. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi mirefu iliyopinda ambayo chaza huigandia, ukikatwa shina hauchipui, bali hungoja mche mpya uletwe na maji. Hoja nzito zaidi ni kwamba pwani ya leo si ya jana. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyolishika zao hilo, na udongo wa vilima vilivyolimwa huteremka na mvua hadi horini. Mwamba uliofukiwa haumfai chaza, hata kama zamani alijaa hapo. Hili halipunguzi haja ya historia. Ndiyo inayotueleza mahali pa kuacha. Mimi ningeanza na hori ambayo visiki vya mkoko bado vinaonekana, na ambayo wanawake wake wangali wakishuka kuchokoa chaza wakati wa bamvua, kabla ya kufikiria hori yenye vipimo vizuri na tope tupu chini.