Siku redio ya Kisangani ilipotekwa

Kisangani inajua uzito wa maikrofoni. Mwaka wa 1964, mji ukiitwa bado Stanleyville, waasi Simba walitumia redio kutoa vitisho juu ya mateka wazungu, mpaka makomando wa Ubelgiji waliposhuka kwa parashuti tarehe 24 mwezi wa 11.

Lakini asubuhi ambayo wengi hapa wanaikumbuka ni ile ya tarehe 14 mwezi wa tano 2002. Askari walioasi RCD-Goma waliteka redio, wakawaita wananchi wawafukuze Wanyarwanda. RCD iliirudisha redio mikononi mwake siku ileile, kisha ikalipiza kisasi, hasa Mangobo. Umoja wa Mataifa ulisema waliouawa walipita 160. Maiti zingine zilitupwa mtoni kwenye daraja la Tshopo.

Waliosema siku ile ni askari, si watangazaji. Kwa mtu aliyeshika transista nyumbani, tofauti hiyo ni ngumu kusikia.

Radio Okapi ilikuwa imeanza chini ya miezi mitatu kabla, tarehe 25 mwezi wa pili, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Waandishi wake wawili, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa Bukavu, mmoja 2007, mwingine 2008.