Selotepu: Jina tulilorithi na doa linalobaki

Juma lililopita nilifungua daftari la utafiti nililolitumia Lamu mwaka 1985, nikitafuta beti alizonitolea kwa imla mzee mmoja mtunzi, ambaye sasa ni marehemu. Kurasa mbili zilichanika zamani, nami kwa haraka za ujana nikaziunga kwa selotepu. Lahaula! Plastiki imebambuka yenyewe, na pale ilipokaa pamebaki doa la rangi ya chai. Mishororo saba haisomeki. Aliyeiharibu ni mimi, tena kwa nia ya kuihifadhi.

Basi nikaanza kudadisi asili ya kitu hiki na jina lake.

Richard Drew alikuwa kijana mwajiriwa wa 3M, kampuni ya Marekani iliyotengeneza msasa. Alipowapelekea msasa wapaka rangi wa magari, aliwakuta wakilalama. Magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni, na ili rangi zisiingiliane, mafundi walibandika magazeti kwa gundi kali. Wakiyabandua, rangi nayo inatoka! Mwaka 1925 Drew akawapa utepe wa karatasi wenye gundi ya kiasi, unaobanduka bila kuacha jeraha. Mafundi wetu wa rangi huubandika hadi leo pembeni mwa vioo vya madirisha.

Mwaka 1930 akaleta mwingine, angavu, wa selofani. Uchumi wa dunia ulikuwa umedorora, na watu wakaupenda kwa kuwa waliweza kuunga vilivyochanika badala ya kununua vipya.

Na jina je? Mwaka 1937 Waingereza walianza kutengeneza utepe wao, wakauita Sellotape. Walianza na herufi S kwa sababu Cellophane lilikuwa jina la biashara la wenyewe. Wamarekani husema Scotch tape. Sisi tuliotawaliwa na Waingereza tunasema selotepu. Jina la bidhaa moja limegeuka nomino ya kawaida, tukaliweka katika ngeli ya I-ZI, na duka lolote utakaloingia utaeleweka.

Hata hivyo, si kila utepe ni selotepu. Fundi wa stima hufunga waya kwa tepu ya plastiki inayonyumbulika na isiyopitisha umeme. Selotepu haifai kabisa kazi hiyo. Kuna pia ule mpana wa kitambaa, usiopenya maji. Mwaka 1943 Vesta Stoudt, mama aliyefanya kazi katika kiwanda cha zana za vita huko Illinois, aliona kuwa masanduku ya risasi yalifungwa kwa utepe wa karatasi unaokatika kirahisi. Alikuwa na wana jeshini. Akamwandikia Rais Roosevelt mwenyewe kupendekeza utepe wa kitambaa, na pendekezo likakubaliwa. Mwaka 1970, utepe wa jamii hiyo uliwasaidia wanaanga wa Apollo 13 kuunga kifaa cha kusafisha hewa waliyokuwa wakivuta.

Lakini kinachookoa maisha leo si lazima kihifadhi maandishi kesho. Gundi ya selotepu za zamani ilikuwa ya mpira na utomvu. Ikizeeka hugeuka manjano, mafuta yake yakapenya karatasi, kisha hukauka. Wala si mimi peke yangu niliyeumia. Katika miaka ya 1950 wataalamu mjini Jerusalem waliunga vipande vya Hati za Bahari ya Chumvi, vyenye umri wa takriban miaka 2,000, kwa utepe angavu. Warithi wao wametumia miaka mingi kuubandua.

Wahifadhi wa hati hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, karibu sawa na uji wetu mzito. Sifa yake kubwa ni kwamba ukiilowesha, inatoka. Drew alilijua hilo tangu 1925: gundi njema ni ile inayokubali kuachia.

Nimempigia simu mjukuu wa yule mzee. Anakumbuka mishororo minne; mitatu imekwenda na babu yake.

Kwa hivyo, msomaji wangu, kama una barua za marehemu babu au hati ya kale iliyochanika, tafadhali usiiguse kwa selotepu. Ipige picha, itie katika bahasha safi, kisha umtafute mtaalamu.