Nyayo za Laetoli

Leo tusome habari za miguu.

Mwaka 1978, huko Laetoli, kaskazini ya Tanzania, Bibi Mary Leakey na wenzake walikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, yapata miaka 3,600,000 iliyopita. Walikanyaga majivu ya volkano yaliyolowa mvua, nayo yakawa magumu. Kisigino kilitangulia, kidole gumba kilielekea mbele.

Kiatu chembamba hukisukuma kidole hicho upande, hata kiungo chake kivimbe na mtu achechemee. Basi mwenye shamba la mbali atafikaje?

Tembea polepole mchangani, kisha geuka uzisome nyayo zako. Zimepinda? Vaa kiatu kipana, na kila hatua uelekeze vidole mbele.