Chiminea: Jinsi ya kuchagua na kutumia jiko la kuotea moto nje ya nyumba

Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, jioni za Bigwa mjini Morogoro zinabadilika. Hewa ya baridi inashuka kutoka Milima ya Uluguru, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kwa mtu wa Njombe hiyo siyo baridi, lakini kwa aliyezoea joto la Morogoro, sweta linatafutwa.

Kwa nyumba yenye uwanja au bustani, chiminea ni njia mojawapo ya kukaa nje jioni, kupiga stori na kuchoma mahindi bila kutetemeka. Lakini siyo kila chiminea inafaa, na siyo kila mahali panafaa kuiweka. Ukikosea, inapasuka wiki ya kwanza. Ukikosea zaidi, inaunguza nyumba au inaua watu usingizini.

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya kununua au kumpa fundi kazi.

Chiminea ni nini?

Ni jiko la kuni lenye tumbo la mviringo, mdomo mpana mbele na shingo ndefu juu inayotoa moshi. Asili yake ni Mexico, ambako ilitengenezwa kwa udongo na kutumika kupasha joto na kuoka. Jina linatokana na neno la Kihispania lenye maana ya meko au bomba la moshi.

Tofauti yake na mafiga matatu ni hii: kwenye mafiga, moto uko wazi, upepo unaupiga kila upande na moshi unamfuata kila aliyekaa. Kwenye chiminea, hewa inaingia mdomoni, inapata joto, inapanda shingoni na kubeba moshi juu ya vichwa vya watu. Joto linatokea mbele, na kuta za tumbo nazo zinaendelea kutoa joto hata moto ukipungua.

Kwa hiyo chiminea ni ya moto mdogo. Umbo lake linafanya kuni chache zitoe joto la kutosha watu wanne au watano. Anayetaka moto mkubwa wa sherehe atafute kitu kingine.

Udongo au chuma?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kila aina ina uzuri na ubaya wake.

Udongo: Unatunza joto vizuri na kwa nje hauwi wa moto haraka kama chuma. Ubaya wake ni kwamba unapasuka. Udongo wa ndani ukipata moto unatanuka, wakati wa nje bado ni wa baridi. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, ufa unatokea. Maji nayo ni adui, kwa sababu udongo uliochomwa kwa kuni unafyonza mvua.

Chuma cha kuchomelea: Hakipasuki, kinahamishika, na fundi yeyote mzuri wa kuchomelea mageti anaweza kukitengeneza. Ubaya wake ni kutu, na kwa nje kinakuwa cha moto sana. Mtoto akikigusa anaungua papo hapo.

Chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa: Kinadumu kuliko vyote, lakini ni kizito na bei yake iko juu. Ukishakiweka, ndiyo kimekaa.

Kuna njia ya katikati ambayo Afrika Mashariki inaijua vizuri. Jiko bora la mkaa, lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, lina ganda la bati nje na udongo uliochomwa ndani. Bati linashikilia, udongo unatunza joto. Wazo hilo linafaa hata kwa chiminea: fundi anatengeneza ganda la chuma, kisha tumbo la ndani linakandikwa udongo.

Ukienda kwa mfinyanzi au dukani

Kagua mambo haya kabla ya kutoa hela:

• Igonge taratibu kwa kidole. Udongo mzima unatoa mlio unaoendelea. Ukisikia mlio mfu, huenda kuna ufa usioonekana.

• Angalia unene wa kuta. Uwe karibu sawa kila mahali. Penye ukuta mwembamba ndipo patakapopasuka.

• Tazama sehemu shingo inapoungana na tumbo. Hapo ndipo penye udhaifu mara nyingi.

• Hakikisha ina stendi imara ya miguu mitatu. Chiminea yenye shingo ndefu ikikaa vibaya inaanguka, na moto unaanguka nayo.

Ukienda kwa fundi wa kuchomelea

Mwambie atumie bamba la chuma la angalau milimita 3. Bamba jembamba linapinda kwa joto na kuliwa na kutu mapema.

Usikubali bomba la moshi la bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu.

Pipa la zamani nalo lina maswali. Kabla ya kulikata, jua lilibeba nini. Pipa lililokuwa na mafuta au kemikali linaweza kulipuka fundi akiligusa na moto. Mtungi wa gesi uliotumika ndiyo kabisa, usiupeleke kwa fundi kuukata.

Iweke wapi?

Chagua sehemu tambarare yenye zege, matofali au changarawe. Siyo juu ya nyasi, siyo juu ya mbao, na siyo juu ya zulia la plastiki.

Acha nafasi ya angalau mita 3 kutoka ukutani, kwenye uzio wa miti, kwenye rundo la kuni na kwenye kamba ya nguo. Tazama na juu pia: kusiwe na tawi la mwembe, waya wa umeme wala paa. Banda la makuti au nyasi linahitaji umbali mkubwa zaidi, maana cheche moja inatosha.

Kwa Bigwa kuna jambo la ziada. Usiku ukitulia, hewa baridi ni nzito na inateremka kutoka mlimani. Moshi na cheche vitaelekea upande wa bondeni. Kwa hiyo, kama kiwanja kina mteremko, weka chiminea upande wa chini wa nyumba, siyo wa juu. Kabla ya kuamua, washa karatasi kidogo jioni uone moshi unaelekea wapi. Kama unaingia dirishani kwa jirani mwenye mtoto wa pumu, hapo hapafai.

Siku ya upepo mkali, usiwashe. Hakuna mjadala.

Moto wa kwanza usiwe wa sifa

Chiminea mpya ya udongo inahitaji kuzoeshwa. Fuata hatua hizi:

1. Iache ikauke mahali penye hewa kwa siku kadhaa.

2. Mimina mchanga mkavu au kokoto ndogo kavu ndani ya tumbo hadi ibaki sentimita chache chini ya mdomo. Mchanga unazuia kuni zinazowaka zisigusane na udongo wa chini.

3. Washa moto mdogo wa vijiti, uache uwake dakika chache na uzimike wenyewe. Subiri jiko lipoe kabisa.

4. Rudia hivyo mara tano au zaidi, kila mara ukiongeza moto kidogo.

Angalizo: usiokote mawe mtoni na kuyaweka ndani. Jiwe lililokaa majini linaweza kuwa na maji kwenye nyufa zake. Likipata moto, maji yanakuwa mvuke na jiwe linapasuka kwa kishindo. Vipande vyake vinaweza kumtoa mtu jicho.

Hata baada ya kuzoeshwa, ukiona moto unatokea juu shingoni, ujue umezidisha kuni. Punguza.

Kuni gani zinafaa?

Kuni kavu, fupi na nyembamba, zisizozidi unene wa mkono. Matawi ya mwembe yaliyopunguzwa shambani na kukauka vizuri yanafaa. Mabaki ya mbao ngumu ya fundi seremala nayo yanafaa, ilimradi hayana rangi, gundi wala dawa.

Hapo kwenye dawa pana hatari kubwa. Mbao nyingi za kupaulia na nguzo za umeme zinatiwa dawa ya kuzuia mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki. Ukizichoma, sumu inabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Mabaki ya kenchi za nyumba mpya siyo kuni.

Usichome mnyaa, ule mmea wa uzio unaotoa maziwa. Utomvu na moshi wake vinawasha macho vibaya. Plastiki, matairi na nepi za watoto navyo visiingie humo.

Petroli na mafuta ya taa visitumike kuwashia. Tumia vijiti vikavu na karatasi.

Na kuni zisitoke hifadhini. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Milima hiyo ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, unaotegemewa na wakazi wa Dar es Salaam kwa maji. Kuanzia Julai hadi mvua za vuli, nyasi za mteremkoni zimekauka, na moto ulioanzia uwanjani kwa mtu unaweza kupanda mlimani haraka kuliko watu wa kuuzima.

Usiiingize ndani, hata kama ina bomba

Hili ndilo kosa linalogharimu maisha. Baridi ikizidi, mtu anaona makaa bado mekundu, moshi umeisha, anasema aingize ndani yapashe chumba. Au anaiweka kwenye baraza iliyozungushiwa vioo akiamini bomba litatoa kila kitu.

Haliwezi. Mdomo wa chiminea uko wazi, na bomba lake fupi limetengenezwa kwa ajili ya hewa ya nje. Makaa yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kila msimu wa baridi zinasikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani na hawakuamka. Chiminea ina hatari ileile.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Ukiona watu zaidi ya mmoja wanalalamika hivyo karibu na jiko, watoe nje kwenye hewa safi mara moja na wapelekwe hospitali.

Kama baridi ya ndani inasumbua, suluhisho ni blanketi na kufunga upepo unaoingia, siyo makaa.

Kuzima na kutunza

Usimwagie maji. Udongo wa moto ukipata maji ya baridi unapasuka, na mvuke unaweza kumuunguza aliyesimama karibu. Acha kuongeza kuni saa moja kabla ya kwenda kulala, kisha funika makaa kwa mchanga mkavu. Asilale mtu wa mwisho kabla moto haujazimika.

Weka ndoo ya mchanga au maji karibu kwa ajili ya cheche zitakazoruka nje. Moto ukiwazidi, piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Majivu yanaweza kuficha makaa hai hadi siku ya pili. Yatoe yakiwa yamepoa, yaweke kwenye ndoo ya chuma, siyo ya plastiki. Majivu ya kuni safi yanafaa kunyunyiziwa kidogo kwenye bustani ya mboga.

Masika yakikaribia, hamishia chiminea ya udongo stoo au ifunike vizuri. Ikilowa, iache ikauke siku kadhaa kabla ya kuwasha tena, halafu anza na moto mdogo kama ilivyokuwa mpya. Ya chuma isuguliwe kutu na kupakwa rangi inayohimili joto.

Isichukue kazi zisizo zake

Chiminea siyo jiko la kila siku. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na sababu mojawapo ni madhara ya moshi. Ugali na maharage vibaki kwenye gesi au umeme. Chiminea ichome mahindi na ndizi siku mojamoja.

Pia siyo dawa ya mbu. Moshi unaweza kuwasumbua kidogo, lakini haumkingi mtu na malaria. Chandarua kiko palepale.

Kwa kifupi: nunua iliyo nene na imara, iweke mbali na paa, izoeshe taratibu, choma kuni kavu zisizo na dawa, na moto ubaki nje mpaka uzimike.